Riwaya inayodaiwa kuibwa huhukumiwa vipi? Jibu kwa jaji wa tuzo

Jaji mmoja wa tuzo ya riwaya ameniletea swali. Katika orodha ya mwisho ya tuzo yao kimo kitabu ambacho mwandishi wake alikichapisha mwenyewe, bila kupitia kampuni ya uchapishaji. Baada ya orodha kutangazwa, mwandishi mwingine alijitokeza akadai kwamba riwaya hiyo imenyofolewa kutoka katika hadithi aliyokuwa akiitoa sura kwa sura kwenye intaneti. Wasomaji wamegawanyika na maneno yamekuwa makali. Ndani ya jopo lenyewe, jaji mmoja anataka kitabu kiondolewe mara moja, kwa hoja kwamba kitabu kisichopita mikononi mwa mhariri hakina wa kukidhamini. Mwingine anataka kisomwe kana kwamba hakuna lililosemwa, kwa kuwa majaji wa fasihi si mahakama. Mwuliza swali anataka kujua riwaya ya namna hii ihukumiwe vipi ili pasiwe na atakayedhulumiwa.

Ndugu jaji, kazi yangu ni uhariri, na kulinganisha maandishi yanayogombaniwa ni sehemu ya kazi hiyo. Naomba niseme tangu mwanzo kwamba wenzako wote wawili, ingawa kila mmoja anavuta upande wake, wanakwepa jambo lilelile: hakuna aliyependekeza kuyaweka maandishi mawili mezani na kuyasoma ukurasa kwa ukurasa. Wa kwanza anahukumu njia ambayo kitabu kilichapishwa, na wa pili anataka kupima uzuri wa sentensi bila kujua ni za nani. Tuhuma ya wizi wa maandishi huthibitika au hukanushika kwa maandishi. Wako watu wanaosema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Msemo huo una mahali pake katika maisha, lakini jaji akiufanya kanuni atamtia hatiani kila mtu ambaye jina lake limetajwa kwa sauti kubwa.

Mna maswali mawili, na nawasihi msiyachanganye. La kwanza ni kama maneno na mpangilio wa riwaya hii ni wa mwandishi aliyetia jina lake jaladani. La pili ni thamani ya riwaya yenyewe kama kazi ya sanaa. Jibu la swali la kwanza linaweza kubadilisha namna mtakavyolijibu la pili, lakini haliwezi kuchukua nafasi yake, na hasa swali la pili halina nguvu yoyote juu ya la kwanza. Nimewahi kusikia wasomaji makini wakisema kwamba kitabu fulani ni kibovu mno hata hakiwezi kuwa cha wizi, na wengine wakisema kingine ni kizuri kupita uwezo wa mwandishi mchanga, kwa hiyo lazima kimeibwa. Hoja zote mbili ni dhana tupu zilizovishwa nguo za uhakiki.

Kabla ya kufungua vitabu, kubalianeni pia mnachokitafuta ni nini. Uvunjaji wa hakimiliki ni suala la sheria. Wizi wa maandishi ni suala la uaminifu wa mwandishi kwa wasomaji wake na kwa waandishi wenzake. Mara nyingi yote mawili huandamana, lakini si kila mara. Mtu akinakili sura nzima kutoka kwa mwandishi aliyefariki zamani, ambaye muda wa hakimiliki ya kazi zake umekwisha, sheria ya hakimiliki haimgusi, ilhali bado amewadanganya wasomaji. Kinyume chake, mtu anaweza kunukuu shairi refu la mtu aliye hai, akataja jina la mtunzi kwa heshima zote, akawa amevunja sheria kwa kukosa idhini ingawa hajamwibia mtu sifa. Jopo lenu halina mamlaka ya kutoa hukumu ya kisheria, na hapo mwenzako wa pili yuko sahihi. Lakini mna mamlaka kamili, na wajibu kamili, wa kuamua kama kazi mnayotaka kuitunuku ni ya yule mtakayemkabidhi tuzo.

Sheria hata hivyo inatufundisha jambo moja ambalo majaji wa fasihi hulihitaji sana, nalo ni tofauti kati ya wazo na namna wazo lilivyoelezwa. Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, yaani mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu hakimiliki na haki nyingine za ubunifu, unasema wazi katika Ibara ya 9 kwamba ulinzi wa hakimiliki unahusu maelezo na si mawazo. Mwaka 1930 nchini Marekani, Jaji Learned Hand aliamua kesi ambamo mwandishi wa tamthilia alidai filamu moja imeibwa kutoka kwake. Katika kazi zote mbili kulikuwa na familia mbili zinazochukiana, moja ya Kiyahudi na nyingine ya asili ya Ireland, watoto wao wakaoana kwa siri, na mwishowe wazee wakapatana. Hand alimnyima mdai ushindi. Alieleza kwamba kazi yoyote inaweza kufupishwa hatua kwa hatua, kutoka maneno yake yenyewe hadi muhtasari wa sentensi moja, na kwamba mahali fulani kwenye ngazi hiyo ulinzi hukoma, ingawa hakuna aliyewahi wala atakayeweza kuuchora mpaka huo kwa uhakika. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya London ilifuata mwelekeo unaofanana pale waandishi wawili wa kitabu cha utafiti wa kihistoria walipodai kwamba mwandishi wa riwaya iliyouzwa sana duniani alichukua kiini cha nadharia yao. Walishindwa, na rufaa yao ikatupwa mwaka 2007.

Kwa hiyo, mdai akikuambieni kwamba vitabu vyote viwili vina binti yatima anayerudi kijijini kudai shamba la baba yake kutoka kwa ami dhalimu, mshukuruni kwa maelezo, kisha mwombeni aendelee. Hiyo ni hazina ya wote. Sungura amemshinda fisi katika ngano zisizohesabika, na hakuna msimulizi aliyemwita mwenzake mwizi kwa sababu hiyo. Watunzi wa tenzi wamekuwa wakianza kwa kumsifu Mungu na kuomba kalamu na karatasi, na kila mmoja amebaki na utenzi wake. Riwaya za mapenzi, za upelelezi na za kisasi zina mikondo yake inayojulikana, na msomaji asiyeizoea aina fulani ya riwaya huona wizi kila mahali kwa sababu kila kitu ni kipya kwake. Ikiwa hakuna kati yenu anayeisoma aina hiyo kwa wingi, mwombeni anayeisoma awaambieni yapi ni mazoea ya aina hiyo.

Sasa nije kwenye suala la kujichapishia, kwa kuwa ndilo mwenzako wa kwanza analolishikilia. Kipimo cha uaminifu ni kilekile kwa kila mwandishi. Kampuni kubwa zenye wahariri na mawakili zimewahi kutoa na kisha kuondoa sokoni riwaya zilizogundulika kuwa na vifungu vya watu wengine, kwa hiyo nembo ya mchapishaji si dhamana. Kinachobadilika ni ushahidi, na hapa mnapaswa kuwa waangalifu kuliko kawaida.

Kwanza, kitabu cha kielektroniki kilichopakiwa na mwandishi mwenyewe kinaweza kubadilishwa wakati wowote, na mara nyingi nakala mpya huchukua nafasi ya ya zamani bila alama yoyote kwenye ukurasa wa mauzo. Nakala mliyo nayo inaweza kuwa imesafishwa baada ya tuhuma, au mdai anaweza kuwa anasoma nakala ambayo ninyi hamjaiona. Tafuteni nakala iliyowasilishwa kwenye tuzo siku ya kwanza, na iwe ndiyo msingi wa kazi yenu yote. Kama kuna nakala ya karatasi, itafuteni pia. Vitabu vinavyochapwa kimoja kimoja kwa oda mara nyingi huwa na tarehe ya kuchapwa kwenye ukurasa wa mwisho, na tarehe hiyo haiwezi kurekebishwa na mtu baadaye.

Pili, tarehe za mtandaoni zisipokewe kwa neno la mtu. Baadhi ya majukwaa humruhusu mwandishi kujaza mwenyewe tarehe ya toleo la awali, na hadithi za mfululizo huweza kuhaririwa huku tarehe ya kwanza ikibaki palepale. Jambo hili linawahusu wote wawili: mdai naye anaweza kuwa ameongeza vifungu kwenye hadithi yake baada ya kuisoma riwaya anayoilalamikia. Internet Archive imekuwa ikihifadhi nakala za kurasa za intaneti tangu mwaka 1996, na ikiwa sura husika zilihifadhiwa huko, mtaona zilivyokuwa siku hiyo. Barua pepe zilizoambatanishwa rasimu, na wasomaji waliopewa mswada mapema, pia ni mashahidi wazuri.

Tatu, kuondolewa kwa kitabu sokoni si hukumu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998, inayojulikana kama DMCA, inayakinga majukwaa yanayohifadhi kazi za watu dhidi ya kushitakiwa endapo yataiondoa haraka kazi inayolalamikiwa kwa taarifa rasmi. Aliyelalamikiwa anaweza kutuma taarifa ya kupinga, na kazi hurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi isipokuwa mlalamikaji awe amefungua kesi. Katika hatua zote hizo hakuna lazima ya mtu kuvilinganisha vitabu. Kwa hiyo yule anayekuonyesheni ukurasa wenye maneno kwamba kitabu hakipatikani hajawaonyesha lolote kuhusu wizi.

Jambo la nne ni waandishi wa kukodi. Katika ulimwengu wa kujichapishia wako wanaowalipa watu wengine wawaandikie sura au kitabu kizima. Mwaka 2019 mwandishi mmoja wa Brazil aliyekuwa akijichapishia riwaya za mapenzi kwa Kiingereza aligundulika kuwa na vifungu vya waandishi wengi ndani ya vitabu vyake, akiwamo Nora Roberts, mwandishi maarufu wa Marekani, ambaye alimfungulia kesi nchini Brazil mwaka huohuo. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba kazi ilikuwa imepitia kwa mwandishi wa kukodi. Kwa maoni yangu maelezo ya namna hiyo yanaweza kupunguza lawama ya kukusudia, lakini hayaigusi tuzo hata kidogo, kwa sababu anayekubali kutunukiwa kama mwandishi anakubali pia dhamana ya kila sentensi.

Baada ya hapo, someni. Someni riwaya yote kwanza, kila mmoja peke yake, kabla ya kufungua jedwali la mdai, yaani orodha yake ya vifungu anavyodai vimefanana. Ukianza na jedwali, macho yako yataona kufanana tu na kuruka tofauti. Andika maoni yako kuhusu fani na maudhui, yaweke kando, kisha soma hadithi ya mdai kwa ukamilifu uleule. Hapo ndipo mtengeneze jedwali lenu wenyewe la safu mbili, lenye vifungu kamili pamoja na aya zinazovizunguka. Jedwali la mdai huwa na vipande vilivyokatwa, na kipande kilichokatwa kinaweza kufanana na chochote.

Mnapolinganisha, msihesabu maneno yanayofanana tu. Kwamba katika vitabu vyote viwili moyo wa mhusika ulimwenda mbio na jasho jembamba likamtoka si kitu. Sentensi hizo hazina mwenyewe. Chenye uzito ni mfuatano wa uchaguzi usio wa lazima. Chukulia mandhari ya chumba: kitabu cha kwanza kinaanza na saa ya ukutani iliyosimama, kisha kiti kilichofungwa mguu kwa kamba, kisha barua iliyobanwa chini ya kikombe, kisha harufu ya mafuta ya taa. Hakuna kati ya vitu hivyo ambacho ni mali ya mtu. Lakini ikiwa kitabu cha pili kina vitu hivyohivyo vinne, kwa utaratibu uleule, katika tukio linalotimiza kazi ileile, basi umeanza kuona mkono wa mtu mwingine. Mwandishi anayebuni huchagua kila mara, na watu wawili hawachagui sawasawa mara nyingi hivyo kwa mfululizo.

Ushahidi ninaouamini kuliko wote ni makosa ya kurithi. Wanaohakiki miswada ya kale wamekuwa wakiitumia kanuni hii tangu karne ya 19: nakala mbili zikiwa na kosa moja lisilo la kawaida, ama moja imetokana na nyingine, ama zote zimetokana na chanzo kimoja. Ukweli unaweza kufikiwa na watu wengi kila mmoja kwa njia yake, lakini kosa la ajabu halifikiwi hivyo. Angalieni mhusika aliyeondoka Jumanne na kufika siku ya pili ambayo inaitwa Ijumaa; angalieni jina la mto lililoandikwa kwa herufi pungufu; angalieni mama aliyekufa sura ya tatu na kutajwa kama yu hai sura ya kumi. Makosa ya aina hii yakionekana katika vitabu vyote viwili, maelezo ya sadfa yanakuwa magumu sana kuyakubali.

Karibu na hayo kuna kitu ninachokiita maelezo yatima, yaani jambo dogo ambalo lina kazi katika kitabu kimoja na halina kazi yoyote katika kingine. Katika hadithi ya kwanza shujaa huegemeza mguu wake wa kushoto kila anaposimama, kwa sababu utotoni aliangukia kisimani, na kisima hicho ndicho kitovu cha msuko wote. Katika kitabu cha pili hakuna kisima wala anguko, lakini shujaa naye anauegemeza mguu wa kushoto katika kurasa mbili au tatu, bila sababu, na halizungumzwi tena. Maelezo yatima yana faida nyingine kubwa: yanaonyesha mwelekeo. Kufanana peke yake hakusemi nani alimchukulia nani, lakini kitu kilichozaliwa na sababu zake mahali pamoja na kuonekana bila wazazi mahali pengine kinakueleza kilitoka wapi. Kama maelezo yatima yote yako upande wa mdai, basi mnapaswa kuwa na ujasiri wa kusema kwamba huenda tuhuma imegeuzwa kichwa chini.

Ziko pia alama za mikono ya haraka. Mtu akibadilisha majina kwa amri ya kompyuta bila kusoma tena, lugha yetu humuumbua upesi kwa sababu ya viambishi vyake: aliyebadilisha Ali kuwa Hamadi kwa pupa anaweza kuacha mahali fulani neno "Hamadifika" pale palipokuwa na "Alifika". Wengine hubadilisha neno moja moja kwa visawe na kuiacha mifupa ya sentensi ilivyokuwa; utamkuta mbuzi amefariki dunia na mlango umenyamaziwa, kwa sababu mwandishi alitafuta neno la karibu bila kusikiliza kama linakaa. Tazameni pia mahali ambapo sauti ya msimulizi inageuka ghafla, sentensi ndefu zenye vishazi tegemezi zikafuata baada ya kurasa za sentensi fupi, kisha zikapotea tena. Mgeuko wa sauti si ushahidi wenyewe, maana mwandishi mzuri huweza kuukusudia, lakini unakuonyesha mahali pa kuchimba.

Msisahau uwezekano wa tafsiri. Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa kulinda kazi za fasihi na sanaa uliotiwa saini mwaka 1886 na kufanyiwa marekebisho mara kadhaa, unampa mwandishi katika Ibara ya 8 haki ya pekee ya kuidhinisha tafsiri za kazi yake, kwa hiyo kuchukua riwaya ya lugha nyingine ambayo bado ina hakimiliki na kuiandika kwa Kiswahili kwa jina lako ni kuvunja haki hiyo, hata kama hakuna neno moja linalofanana kwa sura. Programu za kulinganisha maandishi kwa kawaida hupitwa na jambo hili. Msomaji mzoefu hulinusa katika sentensi zinazopinda kwa namna isiyo ya Kiswahili, katika majira ya mwaka yasiyolingana na mandhari, katika wahusika wasiojua kutofautisha ami na mjomba ingawa hadithi yote inahusu urithi. Na ikiwa vitabu vyote viwili mnavyovichunguza vina dalili hizo, inawezekana kwamba vyote vimetokana na kitabu cha tatu, na mdai na mdaiwa wanagombania kitu ambacho hakuna kati yao anayekimiliki.

Kuhusu programu zenyewe, zitumieni kama taa ya kuonyesha wapi pa kutazama, na msiandike asilimia zake kwenye ripoti. Asilimia kubwa inaweza kutokana na nukuu za misahafu, methali na nyimbo za jadi. Asilimia ndogo inaweza kuficha sura moja iliyoibwa nzima ndani ya riwaya ndefu. Programu zinazodai kutambua maandishi ya akili mnemba zichukuliwe kwa tahadhari kubwa zaidi, kwa kuwa hutoa makisio na zimewahi kuwashuku watu walioandika kwa mikono yao.

Mkishapata jedwali lenu, mpelekeeni mwandishi anayetuhumiwa na mumpe muda wa kutosha kujibu. Mwombeni rasimu zake, daftari zake, mafaili yenye tarehe. Kukosa rasimu hakumtii hatiani, maana wapo wanaoandika juu ya faili moja na kufuta, lakini rasimu zinazoonyesha sura ikikua, ikikatwa na kupangwa upya ni utetezi wenye nguvu. Sikilizeni pia uwezekano wa kumbukumbu kumdanganya mtu. Helen Keller, aliyekuwa kipofu na kiziwi, aliandika akiwa na miaka 11 hadithi ambayo ilionekana kufanana sana na hadithi iliyochapishwa kabla na Margaret Canby. Mwaka 1892 alihojiwa na jopo la watu wanane katika shule yake, nao wakagawanyika nusu kwa nusu. Ilielekea kwamba alisomewa hadithi hiyo utotoni kwa ishara za vidole mkononi na kuisahau, ikarudi akilini mwake kama yake. Jambo hilo hutokea. Lakini kumbukumbu ya namna hii huleta taswira, mkondo wa tukio na sentensi za hapa na pale. Haileti kurasa zilizonyooka pamoja na makosa yake ya chapa.

Lipo swali la tatu ambalo mwandishi mwenyewe anaweza kulileta, nalo linastahili kujibiwa kwa unyenyekevu: je, kuchukua kunaweza kuwa sanaa? Nadharia ya mwingilianomatini inatukumbusha kwamba kila kazi huzungumza na nyingine. Yambo Ouologuem wa Mali alipata tuzo ya Renaudot ya Ufaransa mwaka 1968 kwa riwaya yake kuhusu historia ya vurugu ya milki ya kubuni ya Kiafrika. Miaka minne baadaye ilionyeshwa hadharani, kwa vifungu vilivyowekwa sambamba, kwamba kurasa zake zilikuwa na maneno ya mwandishi Mwingereza Graham Greene. Alikuwa ameshatuhumiwa pia kuchukua kutoka katika riwaya ya mwandishi Mfaransa André Schwarz-Bart. Mchapishaji akaiondoa sokoni. Ouologuem alishikilia kwamba mswada wake ulikuwa na alama za nukuu zilizoondolewa, na baadaye akajitenga na ulimwengu wa fasihi hadi alipofariki mwaka 2017. Riwaya ile imechapishwa upya, na wahakiki wengi leo wanaiona kama kazi iliyotumia vipande vya wengine kwa makusudi ya kisanaa. Ninaiheshimu riwaya hiyo, na bado naamini walioonyesha vifungu vile walifanya kazi halali. Walijibu swali la kwanza. Swali la pili lilihitaji miongo kadhaa ya kusomwa.

Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: je, kitabu kinapata nguvu zaidi msomaji akikitambua chanzo, au kinapungukiwa? Mwandishi anayejibizana na kazi ya mwenzake hutaka uitambue. Hugeuza kifungu, hukipa mhusika asiyetarajiwa, hukifanya kiseme kinyume. Anayenyakua humwomba Mungu usikitambue, na ukishakitambua, aya yake haina kazi nyingine iliyobaki. Kwa mfululizo wa hadithi usiojulikana sana kwenye intaneti, mwandishi asiyetaja chanzo hawezi kudai kwamba alitarajia wasomaji wakigundue, na dai la mwingilianomatini linalokuja baada ya tuhuma nalichukulia kwa shaka.

Hatimaye mtapaswa kupiga kura. Kama vifungu vya kukopa vimethibitika, vitoeni, kisha someni kinachobaki. Ikiwa mlichokisifu katika maoni yenu ya kwanza, yale mliyoyaweka kando, kilikuwa ndani ya vifungu hivyo, basi mliisifu kazi ya mtu mwingine na tuzo haiwezi kwenda kwa huyu. Ikiwa vifungu ni vichache na vya pembeni, na uzuri wa kitabu uko mahali pengine, ningekiondoa kwenye tuzo ya mwaka huu kwa sababu ya uaminifu uliovunjika, lakini ningeyaandika maoni ya haki kuhusu kilicho chake, na kumshauri atoe toleo lililorekebishwa lenye kumtaja mwenzake. Ikiwa kinachofanana ni wazo na mazoea ya aina ya riwaya tu, kitabu kibaki kwenye orodha na kishindane bila kovu. Msikishushe daraja kwa siri ili kuepuka kelele, maana huko ni kumwadhibu mtu kwa kosa mliloona hakulitenda. Na ikiwa ushahidi haujatosha kabla ya tarehe yenu, ahirisheni uamuzi juu ya kitabu hicho pekee, mseme wazi kwamba mmeahirisha na kwamba kuahirisha si kumtia hatiani.

Katika ripoti, elezeni maandishi na msimweleze mtu. Andikeni kwamba kifungu cha ukurasa fulani kinalingana na kifungu fulani kilichotangulia kwa tarehe fulani. Neno mwizi lisiwemo, kwa sababu nia ya mtu hamwezi kuisoma katika jedwali, na kwa sababu neno hilo likikosewa linaweza kuwafikisha mahakamani kwa kashfa. Mpeni mdai nakala na mdaiwa nakala siku ileile, na jedwali zima liambatanishwe, ili msomaji yeyote atakayewapinga aweze kuipitia kazi yenu mstari kwa mstari.